Kama Juu

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Lodwar

Hata kipochi sijaweka chini, Josiah huyo mlangoni. Seva ya Nairobi inafungwa Ijumaa. Mfadhili amejitoa, basi. Data yote ya kupima watoto, kuanzia 2012 mpaka juzi, lazima iingie kwenye laptopu mbili – moja hapa, moja Kakuma. Na ile ya Kakuma ni mzee, ukifungua faili mbili inazima. Ati, Madam Sellah, hii data wewe ndiye uliizaa, wewe ndiye utaihamisha. Mimi nimezaa watatu, hii ya nne sikuambiwa!

Lakini moyoni nilifurahi, kusema kweli. Josiah ni bosi wangu, na wakati mimi natoka Funyula na sanduku moja kuja kutafuta kazi huku, yeye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Hapa ofisini hakuna mwingine aliyebaki wa siku zile. Nimesema nitafanya.

Jumanne, 2 Septemba

Gigabaiti kumi na moja! Mistari milioni thelathini na mbili. Feni imekufa tena, nimefungua dirisha, mchanga ukaingia mpaka kwenye chai.

Nijielezee hapa polepole, maana kichwa siku hizi hakishiki kitu. Faili zetu za zamani zinaandika mtoto mmoja, mstari mmoja: namba, tarehe, kituo, jina, umri, kilo, unene wa mkono, mlezi. Kisha mtoto anayefuata. Parquet, aina ya faili tuliyofundishwa Eldoret mwaka jana, inageuza. Tarehe zote zinakaa pamoja, vituo vyote pamoja, kilo zote pamoja. Vinavyofanana vikikaa pamoja vinabanika. "Kakuma" mara elfu mbili haiandikwi mara elfu mbili. Inaandikwa mara moja na hesabu pembeni. Na ukitaka kilo peke yake, kompyuta inasoma safu ya kilo tu, hayo mengine haiyagusi.

Jaribio la kwanza: kumi na moja ikawa moja nukta tatu. Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya kuchezea mipangilio ya kubana. Snappy, njia ya kwanza ya kubana, nimeiacha, inafungua haraka lakini haibani vizuri. Nimehamia zstd, kiwango cha tisa. Halafu vikundi vya mistari. Nikiweka mistari milioni moja kwa kikundi, laptopu ya Kakuma itakufa ikifungua. Nikiweka elfu tano, kubana kunaharibika. Nimetulia kwenye laki moja na ishirini. Imefika megabaiti mia saba.

Jebet, mwenzangu wa siku zile, angekuwa hapa tungecheka. Wacha tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimepata! Siri ni kupanga. Nimepanga mistari yote upya – kwanza kituo, halafu tarehe, halafu mlezi. Vinavyofanana vikasogeleana. Mia saba ikashuka mia tatu hamsini. Nimemwita Josiah aone, akasema "wow" mara tatu akarudi kwa simu yake.

Kitu kimoja kilinisumbua: safu ya Na. Namba ya mstari, ile ya moja, mbili, tatu kila siku asubuhi. Zikiwa zimefuatana hazichukui nafasi. Sasa nimepanga upya, zimevurugika – 212, 7, 95, 301 – na hazibaniki hata kidogo. Safu moja ya upuuzi inakula nafasi kuliko kilo na mkono zikijumlishwa! Josiah akauliza hiyo namba ni ya nini, kwani mtoto hana jina? Nimeitoa. Mia tatu na kumi.

Safu iliyonichekesha ni ya mlezi. Karibu nusu yake ni "kama juu". Milioni kumi na nne za "kama juu", na zote zimebanika zikawa kama si kitu. Hayo ni maneno yetu! Ni mimi na Jebet tuliyaanzisha, Mei 2014, kwenye meza ya pili pale mapokezi ya wakimbizi Kakuma. Malori yalikuwa yanaingia kutoka mpakani mchana kutwa. Turubai moja, meza mbili, jenereta inayokohoa. Jebet anapima na kuita kwa ile sauti yake ya kwaya – "Kilo kumi na moja nukta mbili! Mkono kumi na mbili nukta nane!" – mimi napiga kwenye laptopu. Mama mmoja anaweza kuwa na watoto sita. Nikawa naandika jina refu la mama mara sita, betri inaisha, watu wamesimama juani. Jebet akaniambia, wee, mama si ni yuleyule? Andika kama juu!

Mkubwa wetu alikasirika siku mbili, ya tatu akaanza kuandika hivyo yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata vituo vyote vilikuwa vimeiga – Kalemng'orok, Namoruputh, mpaka wale wa Kalokol huko ziwani, wanaopima watoto huku samaki wanaanikwa pembeni.

Tulikula githeri ya kopo, mahindi na maharagwe, kwa vifuniko. Tulivaa vitenge vichwani kwa sababu ya vumbi. Nimewahi kuwa na furaha kama ile tena? Ni aibu kuandika. Watu wale walikuwa wanatoka kwenye msiba, nami nazikumbuka kama siku zangu nzuri. Lakini ndivyo ilivyo, sitajidanganya kwenye daftari langu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimehakiki. Idadi ya mistari: sawa. Jumla ya kilo zote: sawa, mpaka gramu. Majina, sawa. Tarehe, sawa. Nimehakiki mara mbili maana mimi si mtu wa kubahatisha.

Diski ilikuwa imejaa, nafasi ya vyote viwili haipo. Nimefuta zile za zamani. Saa kumi jioni Nairobi nao wakazima seva. Nimenunua soda baridi nikainywa kivulini nje ya ofisi.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Mahubiri marefu leo. Nikampigia Jebet baada ya ibada, yuko kwake Kapsabet, amestaafu, anafuga ng'ombe wawili wa maziwa na kuwasifu kama watoto. Nikamwambia kuhusu milioni kumi na nne. Amecheka mpaka akakohoa. Akasema tungepewa kitu kidogo kwa kila moja tungekuwa matajiri sasa.

Jumatatu, 8 Septemba

Flashi imefika Kakuma na gari la dawa. Ripoti ya mwezi iliyokuwa inachukua dakika ishirini na sita – sekunde tisa! Sylvia amenipigia mwenyewe. Yeye ndiye anashughulikia kesi za watoto kule, binti wa heshima, hapendi maneno mengi. Amesema madam umetuokoa.

Halafu akasema ana ombi. Kuna msichana anaitwa Nyawech, Mnuer, anashona milaya, yale mashuka ya kutarizi, anauza sokoni. Aliingia Mei 2014 akiwa na miaka kumi, na mdogo wake Lony wa miaka mitatu. Hawakuwa na mzazi. Njiani walitembea na mama mmoja, Mama Jal. Wiki ya pili, siku ya kuandikiwa kadi, Lony alikuwa amebebwa mgongoni kwa Mama Jal, akaandikwa mtoto wake. Nyawech akapelekwa kwa familia nyingine, mitaa mitatu mbali. Wamekua hivyo, wakitembeleana. Sasa Mama Jal na watoto wake wote wamepata kwenda Australia. Ndege ni tarehe 24. Lony anaenda nao.

Nikauliza, kwa hiyo msichana anataka kumzuia? Sylvia akasema hapana. Maneno ya Nyawech ni haya: "Sitaki kumzuia. Nataka aandikwe ana dada." Akiandikwa, siku moja anaweza kumwita, au yeye kumfuata. Asipoandikwa, akishapanda ndege ni mtoto wa Mama Jal peke yake, na Nyawech kwa karatasi ni mtu baki. Vipimo vya damu vinachukua miezi. Wanataka ushahidi wowote ulioandikwa kabla ya zile kadi.

Kabla ya kadi ni meza yetu. Nikamwambia Sylvia, hiyo ni kazi ya dakika moja, nitakupa kesho asubuhi. Nilivyojigamba!

Jumanne, 9 Septemba

Mungu wangu.

Nimefungua Kakuma, 22 Mei 2014. Watoto mia tatu na kumi na wanane. Nimempata Nyawech, miaka 10, kilo 24. Mlezi: HANA. Vizuri. Nimempata Lony, miaka 3, kilo 10.9. Mlezi: kama juu.

Nikatazama juu yake. Juu yake kuna kama juu. Na juu ya hiyo, kama juu. Mia moja sabini na moja, zote zimekaa pamoja kwa sababu mimi nimezikusanya. Juu ya nani? Juu ya nani, Sellah?

Nimekaa.

Mstari wa juu ulikuwa ndio jibu. Ikiwa juu ya Lony alikuwa Nyawech, basi "kama juu" maana yake ni HANA, mtoto asiye na mzazi, mdogo wa huyu aliyetangulia. Ikiwa juu yake walikuwa watoto wa Mama Jal, basi ni wa Mama Jal. Na sikupoteza wa Lony peke yake. Milioni kumi na nne.

Nilihakiki kila kitu isipokuwa nani alisimama nyuma ya nani. Ile namba niliyoiita upuuzi ndiyo ilikuwa foleni.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetafuta kila mahali. Nairobi wamesema diski zimeshafutwa na kupewa watu wengine, pole sana madam. Flashi zangu za zamani: picha za harusi ya Jebet na mahubiri. Laptopu ya 2014 iliuzwa mnadani. Karatasi za kupimia zilikuwa kwenye kontena Kakuma, Sylvia amekwenda kuangalia, mchwa wamekula mpaka faili za chuma zimebaki na vumbi tu ndani.

Nimemwambia Josiah. Ameangalia mlango kwanza. Akasema ripoti zinatoka? Zinatoka. Jumla ziko sawa? Ziko sawa. Sasa nani atauliza juu ya foleni ya miaka kumi na moja iliyopita? Tunyamaze.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ameuliza mtu mmoja, na mtu mmoja anatosha. Akasema nisilete hasira zangu ofisini, na kwamba kupanga nilipanga mimi. Hapo alinimaliza, kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 11 Septemba

Ejok tu kwa kila mtu leo, ile salamu fupi ya Kiturkana, nimesalimia askari wa geti bila kusimama, sina hamu.

Lakini kuna kitu. Nimekumbuka ile amri ya kupanga niliyotumia: vitu vikilingana haivivurugi, inaviacha vilivyofuatana mwanzo. Kwa hiyo zile kama juu mia moja sabini na moja bado ziko kwa mpangilio wa foleni! Wenye majina ya walezi ndio wamepangwa kwa alfabeti, hao wamepotea. Lakini kama juu inafuatana na kama juu kama siku ile.

Nikahesabu kwa kidole. Lony ni wa hamsini na nane. Wa hamsini na saba ni Nyabiel, yule Sylvia alinitajia, dada yake Jal! Nilisimama nikapiga meza.

Halafu nikakaa tena. Jal mwenyewe ana jina la mama, yuko kwenye alfabeti. Nyabiel kama juu. Lony kama juu. Katikati ya Nyabiel na Lony – Nyawech alisimama hapo au hakusimama? Akiwa hapo, Lony ni wake. Asipokuwa hapo, Lony ni wa Mama Jal. Hadithi zote mbili zinaingia vizuri kabisa. Kinachokosekana ni namba moja tu, ya Nyawech, na niliifuta ili niokoe megabaiti arobaini.

Megabaiti arobaini ni video moja ya kuchekesha ya Josiah.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimempigia Jebet. Nilitaka aseme anakumbuka. Nilimweleza yote: msichana wa miaka kumi, kitoto cha miaka mitatu, mama mwenye watoto wawili, 22 Mei, ilikuwa Alhamisi.

Nasikia ng'ombe. Akasema, Sellah, mimi nakumbuka mikono. Myembamba hivi, nikizungusha utepe unakutana mapema. Nyuso sikumbuki, nilikuwa naangalia utepe. Wewe je?

Nikasema mimi nilikuwa naangalia skrini.

Miaka yote hii tumekuwa tukisimulia ile meza. Kwenye harusi yake, kwenye mazishi ya mume wangu, kila tukikutana. Tunasema tuliwaona wote, tunawakumbuka wote. Hakuna hata mmoja tunayemkumbuka! Tunajikumbuka sisi, na vitenge vyetu, na githeri. Nimelia, na Jebet akaniacha nilie, akasema tu nisije nikaandika uongo kwa sababu ya huruma. Akanitajia bei ya maziwa ili tumalize simu vizuri.

Jumatatu, 15 Septemba. Kakuma

Nimekuja. Sylvia alisema kama kompyuta haijui, labda karani anajua. Kilomita mia na ishirini na dereva anayesikiliza redio ya mpira.

Mapokezi ya zamani hayapo. Pale turubai letu lilipokuwa kuna duka la kadi za simu na Mkongo mmoja anayenyoa nywele, Magloire, anaongea Kiswahili chao kile kitamu. Nilisimama hapo nikijaribu kuona meza. Akaniuliza, mama, unatafuta kinyozi? Nikasema natafuta 2014. Akacheka, akanipa kiti, na nikakaa kama nusu saa bila kunyolewa.

Nyawech nimemkuta kwa Sylvia. Mrefu, mpole, vidole vina alama za sindano. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hakulia. Nikamwambia wazi: mimi ndiye niliandika, na mimi ndiye nimeharibu. Nilimwonyesha orodha. Akaangalia kama juu, kama juu, kama juu, akauliza ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema, kwa hiyo kompyuta inajua Lony ana mtu, lakini haijui ni nani. Nikasema ndiyo, binti yangu. Ni hivyo.

Nikamuuliza anakumbuka nini. Anakumbuka alimshika Lony mkono, halafu mama wa kupima akasema mtoto apande juu ya mzani, akamwachilia. Yeye alikuwa mbele ya Lony. Mama Jal alikuwa mbele zaidi. Kuna mwanamke alikuwa anapiga kompyuta, hakuinua kichwa.

Nikaikunja ile orodha.

Sylvia baadaye, tukiwa wawili: maneno ya Nyawech peke yake hayahesabiwi, ndiye mwenye kesi. Yangu yangehesabiwa.

Jumanne, 16 Septemba. Kakuma, saa saba na nusu mchana

Naandika nje ya ofisi ya Sylvia, kwenye benchi. Yeye ameenda kula na kutafuta mhuri, anarudi saa nane. Faili ya Mama Jal inapelekwa leo, ikishatoka hapa hairudi.

Fomu iko kwenye goti. Nimeandika jina langu, namba ya kitambulisho, kazi: karani wa kuandika, meza ya pili. Chini kuna mistari minane mitupu. Sylvia ameniambia nisiandike kompyuta inasema nini. Niandike niliona nini.

Sentensi moja tu. "Nilimwona Lony akimfuata Nyawech kwenye foleni." Maneno sita. Nani atanipinga? Kitu pekee kilichoweza kunipinga nilikifuta mwenyewe. Na huenda ni kweli! Nyawech anasema ni kweli, nami namwamini. Lakini sikuona. Sikuinua kichwa.

Ningeweza kuandika jinsi tulivyofanya kazi: kwamba "kama juu" kwetu ilimaanisha mlezi wa mtoto wa juu yake tu, si mwingine, na kwamba ya Lony inaweza kuwa ya Nyawech. Inaweza. Sylvia amesema "inaweza" haitoshi.

Mama Jal yuko hapa. Sikujua ni yeye mpaka Lony alipokuja nyuma yake na sare ya shule, mvulana wa miaka kumi na nne, ndevu zinataka kutoka. Nyawech alikuwa amekaa kivulini upande wa pili. Lony akaenda akakaa naye, wakaanza kugawana chapati. Mama Jal hakuwaita. Amekuja kukaa kwenye benchi langu.

Ameniuliza, wewe ndiye wa meza? Nimesema ndiyo. Akauliza kama nimeandika. Nimesema bado.

Anazungusha shanga za mkononi. Halafu akaongea bila kuniangalia, Kiswahili chake cha sokoni, polepole. Nakiandika kama alivyosema nisije nikakipoteza na chenyewe: "Mimi nimelea huyu mtoto. Nimebeba yeye mgongoni kutoka kwetu Nasir. Hapa wakaniuliza, huyu mtoto yako? Nikasema ndiyo, mtoto yangu. Hakuna mtu aliuliza kama iko na dada."

Nikamuuliza, na siku ile kwenye foleni, mama, nani alikuwa mbele ya Lony?

Anajua. Nimeona usoni kwamba anajua. Siku zote hizi nimehesabu kwa kidole, nimesumbua Nairobi, nimepekua kontena la mchwa, na anayeujua mstari wa juu alikuwa mtu mzima anayeishi block ya nane, ana simu.

Lakini ameniuliza yeye: "Nikisema saa hii, watatoa sisi kwa ndege? Watoto wote?"

Nimemwambia sijui. Kweli sijui, na Sylvia naye sidhani kama anajua. Ninaandika ili mikono iwe na kazi. Ameuliza naandika nini, nimesema vitu vyangu tu. Kule kivulini Lony amemaliza chapati yake, sasa anakula ya Nyawech.

Namsikia Sylvia getini anasalimiana na askari. Mama Jal ameshika ukingo wa fomu, hapo penye mistari mitupu. Nimemsogezea kalamu. Hajaichukua, na fomu hajaiachilia.